Masikio ya Mzee Semana

Verediana alikuja kwangu Mbugangari Jumanne moja, akavua viatu mlangoni kama anavyofanya siku zote, akaniwekea daftari jipya mezani. Ana waongozaji wapya kumi na wanne anaowafundisha kazi ya kutembeza wageni, na anataka wapate kusoma yale ambayo kozi haisemi. Aliniambia niandike ninavyotaka, hata nikichekesha, mradi niandike ukweli. Kisha, akiwa amekwisha kuvaa viatu, akaongeza jambo moja. Nisisahau habari za baba yake, Mzee Semana, ili vijana wajifunze kwamba mtu wa msituni akianza kupoteza masikio aache kazi kabla kazi haijamuua.

Nilimwambia sawa. Daftari limekaa juu ya kabati wiki tatu.

Ninyi vijana mtakaosoma haya, jueni tangu mwanzo kwamba somo hilo la Verediana si la kweli. Nalijua vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyelitunga, na nimenyamaza miaka yote ambayo yeye amekuwa akilifundisha kwa moyo safi. Nitalifikia. Lakini mniache kwanza niseme ya kazi, maana nikianza na dhambi yangu sitafika ukurasa wa pili.

Naitwa Hamisi. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na alitaka nami nikae kwenye cherehani, lakini magoti yangu yalikataa kukaa. Nikashika usukani, nikawa dereva na mwongozaji kwa pamoja, na sasa magoti hayohayo yanakataa kusimama. Safari yangu ilikuwa ile tunayoiita nusu siku. Wageni wanaolala kwenye hoteli za ziwani wana asubuhi moja tu mjini kwetu, wanataka mlima, wanataka msitu, na saa sita na nusu wawe wamekaa mezani wanakula sambaza, visamaki vya ziwa letu, za kukaanga. Mtaambiwa kwamba nusu siku ni safari ya kujifunzia. Msikubali. Safari ya siku nzima ina nafasi ya kukosea na kurekebisha. Nusu siku ukikosea, imekwisha.

Mnaanza alfajiri na mlima Rubavu, kwa sababu Nyiragongo huonekana asubuhi tu. Ikifika saa mbili mawingu yameshaufunika, na utabaki kuwaonyesha watu ukungu na kuwaambia volkano iko pale, waamini. Juu ya mlima usiongee sana. Waache waone ziwa, waone mji wetu na Goma vilivyoshikana kama vipande viwili vya kitambaa kimoja, hujui mshono uko wapi. Wewe angalia moshi. Moshi wa volkano ukisimama wima, una hadi adhuhuri kabla mvua haijashuka msituni Gishwati. Ukilala kuelekea ziwani, mvua itakukuta msituni. Hakuna kitabu kilichoniambia hivyo, na moshi umewahi kunidanganya mara mbili au tatu, si zaidi.

Siku hizi wageni hawaulizi moshi. Wanauliza ng'ambo ya mpaka, kwenye vita, kukoje, na wakisikia ngurumo wanakutazama usoni kwanza kabla ya kutazama mbingu. Wengi hawaji kabisa. Nawaona waongozaji wetu wamekaa kando ya barabara ya ziwa wakichezea simu tangu asubuhi, na sijui Verediana anawafundisha wengine kumi na wanne ili wakae wapi. Lakini yeye hajui kukata tamaa, hilo amelitoa kwa baba yake. Mimi kukata tamaa nilikujua mapema na nimekuzoea.

Basi endeleeni. Wakati wa kwenda msisimame sokoni Mahoko. Mgeni akiona rundo la karoti zilizooshwa atataka picha, kisha atataka picha ya mama anayeziuza, mama naye atataka kuiona hiyo picha, majirani zake nao watataka kupigwa, na nusu saa imekwenda. Simameni mkirudi. Jueni kila choo kati ya ziwa na msitu, na mjue kipi kina maji. Mgeni atakusamehe kutomwona sokwe, lakini choo hasamehi. Suruali iingie ndani ya soksi, kwa ajili ya siafu. Mimi nilidharau, na siku moja nikavua suruali katikati ya njia mbele ya walimu wanne wastaafu kutoka Ulaya. Walikuwa na adabu, waligeukia upande mwingine, isipokuwa mmoja.

Na mhesabu watu. Ukiingia msituni hesabu, ukitoka hesabu tena, kabla mlango wa gari haujafungwa. Nilisifiwa sana kwa hilo. Miaka yote sikumsahau mgeni hata mmoja.

Wakati naanza, msitu wa Gishwati haukuwa na geti wala watu wenye redio. Malisho na mashamba ya viazi yalikuwa yameula hadi ukabaki kiraka, na sokwe wachache waliobaki walijificha ndani kabisa. Mzee Semana alikaa ukingoni, nyumba ya mwisho kabla ya miti. Alirudi kutoka Masisi na ng'ombe wake, na huko Congo ujana wake wote aliumalizia kuchunga kando ya misitu. Nyumbani kwake walisema Kinyarwanda, lakini mimi na yeye tulisema Kiswahili, yeye cha Masisi, mimi cha Mbugangari. Bosi wangu, mtu mwenye magari matatu na ofisi ya chumba kimoja, alinipeleka kwake nifundishwe pori.

Siku ya kwanza nilisimamisha gari uani kwake, na kabla sijashuka akaniambia kwamba gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, nati moja imelegea. Nilicheka. Mchunga ng'ombe anifundishe gari? Nikachukua spana kwa kumridhisha tu. Zilikuwa nati mbili. Mzee alisikitika kweli, si kwa ajili yangu, bali kwa kuwa ile ya pili hakuisikia.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Msituni alitembea kichwa kimeinama upande mmoja, na alinifundisha kusikiliza kitu kisicholia: ndege aliyekuwa akiimba na sasa amenyamaza, wadudu walioacha ghafla. Mara mia nilimwambia sisikii chochote, mara mia akaniambia nisubiri. Sikuwahi kufika hata robo yake. Na alijua kuwaita sokwe. Alikusanya viganja mdomoni, akaanza chini, polepole, akapanda hadi ukelele wa kuchana koo, kisha akanyamaza. Baada ya muda, kutoka mbali sana, wenyewe walimjibu. Hakuwaita ovyo. Alisema ukiwaita bila sababu watakujua kuwa u mwongo.

Shida ilikuwa muda. Nusu siku inakuachia saa mbili tu ndani ya msitu, na kuwafikia sokwe kulihitaji tano. Wageni walirudi bila kuona wala kusikia, wakamlalamikia bosi, bosi akanilalamikia mimi. Nikamwomba Mzee aite mbele yao, ili angalau wasikie jinsi inavyokuwa. Aliita. Wageni walicheka wakapiga makofi, na mmoja akatoa kamera akamwomba arudie, safari hii ajikune na makwapa. Mzee alirudia, ila hakujikuna. Njia nzima ya kurudi niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama.

Wazo la kumficha lilikuwa langu, sina mtu wa kumsukumia. Mbele kidogo kuna kijito, na ng'ambo yake kuna mti mkubwa. Nilimwambia akae kule chini ya ule mti, nami nitawaleta wageni upande huu. Filimbi yangu ya kwanza itamwambia tumefika. Ya pili, aite. Ya tatu, tumeondoka, avuke arudi nyumbani. Simu hakuwa nayo, na hata angekuwa nayo, mle bondeni haikushika. Mzee aliniuliza kama wageni hawatakuwa wamedanganywa. Nikamjibu kwamba watakuwa wamefurahi. Akakubali, nadhani kwa sababu alinipenda. Sikupata kuona sababu nyingine.

Ilifanya kazi vizuri mno. Wageni wanasimama kwenye ukungu, mimi napuliza filimbi nikisema nawajulisha wenzangu walioko ndani, na kutoka ng'ambo inakuja ile sauti. Watu walitokwa machozi. Mama mmoja alinishika mkono hakuuachia hadi garini. Siku nyingine sokwe wa kweli walimjibu Mzee kutoka mbali, na hapo hata mimi sikujua yupi ni yupi. Hoteli zikaanza kuniulizia kwa jina. Nilinunua kofia nzuri, ile mnayoiona kwenye picha zangu za zamani.

Kisha ikaja siku ya kofia ya Mzee. Mgeni mmoja alikuwa na kamera ya kusimamisha kwa miguu mitatu, akatuambia sote tunyamaze hadi apate picha ya ukungu. Tulinyamaza muda mrefu. Kule ng'ambo Mzee alisikia ukimya, akadhani nimesahau kumpigia ya tatu na tumeshaondoka, akavuka kijito na kutokea njiani mbele yetu, na koti lake la mvua la kijani, buti za mpira, na chupa ya chai mkononi. Wageni waliganda. Bwana wa kamera akaniuliza, taratibu, kama huyu ndiye tuliyekuwa tukimsikiliza. Mzee alivua kofia akawasalimu mmoja mmoja.

Leo nacheka nikikumbuka alivyowapa mkono. Siku ile sikucheka. Bosi alitukanwa, bosi akanitukana, na mchana uleule nikarudi ukingoni mwa msitu na hasira zangu zote, nikamwambia mwalimu wangu, mbele ya mke wake, maneno ambayo mwanafunzi hasemi.

"Usitoke tena, Mzee," nilimwambia. "Hata kama iko nini, usitoke mpaka usikie ya tatu."

"Na kama mi sitaisikia?"

"We? Wewe usisikie? Mutu wa masikio kama yako sijamuona."

Alitabasamu kidogo, maana hilo lilimfurahisha hata katikati ya kufokewa. Akaapa hatatoka tena bila filimbi ya tatu. Na Mzee Semana akisema, amesema.

Ninyi leo hamhitaji mtu wa kumficha. Msitu una wenyewe sasa, una miti iliyorudi, una njia zilizofagiliwa na watu waliosomea sokwe. Lakini nasikia wako kati yenu wenye sauti za sokwe kwenye simu, mnaziachia kwa siri nyuma ya kichaka wageni wakikawia kufurahi. Mnadhani sisi wazee hatujui. Acheni. Sisemi kwa ajili ya sheria, sheria ina watu wake. Na wale walioniomba niwafundishe mwito wa Mzee Semana, jibu langu ni lilelile. Naujua, ninao kooni hadi leo, na sitaufundisha.

Sasa nimefika pale nilipokuwa nikipakwepa.

Asubuhi ile moshi ulikuwa umelala. Niliuona kutoka juu ya mlima Rubavu kama ninavyoiona kalamu hii, umelala kabisa kuelekea ziwani. Wageni walikuwa wanne, mume na mke wa makamo na dada wawili, watu wazuri, hawakunikosea chochote. Asubuhi yao ilikuwa hiyo moja. Niliwaambia twende, labda tutaiwahi mvua.

Tulifika kijitoni. Nikapiga filimbi ya kwanza. Nikapiga ya pili, na Mzee akaita, na siku ile aliita kuliko siku zote. Sijui alikuwa na nini. Aliita mpaka mmoja wa wale dada akakaa chini kwenye majani yenye maji, akaziba mdomo kwa mikono. Hata mwito haujaisha vizuri, mvua ya mawe ikashuka.

Kama hamjawahi kukutwa na mvua ya mawe Gishwati, mtakutwa. Inakuja kama gunia la maharage limepasukia juu ya bati, husikii hata mtu aliye begani kwako. Wageni walikimbia, nami nikakimbia nao, nimemfunika yule mama kichwa kwa jaketi langu. Tulikimbia hadi garini. Pale nikafanya kama nilivyowafundisha hapo juu, nikahesabu. Mmoja, wawili, watatu, wanne. Nikafunga mlango nikaondoa gari.

Nilikumbuka tulipofika Mahoko. Nilikuwa nabadilisha gia, kamba ya filimbi ikanigusa mkono, na nikajua kwamba ya tatu sikuipiga. Mbele kidogo ya soko kuna sehemu pana ya kugeuzia gari. Nilipunguza mwendo. Mmoja wa wale dada akauliza kama kuna shida. Nikawaangalia kwenye kioo: wamelowa chapachapa, wanatetemeka, na meza yao inawangoja ziwani. Nikajiambia Mzee ni mtu mzima, mvua anaiona mwenyewe, hatakaa pale kama jiwe. Nikamjibu yule dada kwamba hakuna shida, nikakanyaga mafuta.

Nilipowashusha hotelini bado ningeweza kurudi. Saa zilikuwepo na mafuta yalikuwepo. Gari lilikuwa limejaa tope, nikaliosha.

Mzee alikaa pale kama jiwe. Alikuwa ameapa. Alisimama chini ya mti wake, mawe yakimpiga, ametega sikio upande wetu, na wakati anatega, kijito kilijaa, gogo alilokuwa akivukia likachukuliwa na maji. Kama ningepuliza filimbi pale tulipoanza kukimbia, au hata kama ningerudi mara moja kutoka Mahoko nikapiga kelele upande huu, angejua mapema asingoje. Angevuka, au angezunguka kwa juu mwili wake ukiwa bado na nguvu. Wabeba maziwa ndio waliomkuta kesho yake asubuhi, bado ng'ambo ileile, koti limemgandia mwilini, miguu imekataa. Walimbeba kwa machela hadi kituo cha afya, na mapafu yake yalikuwa yamekwisha kushikwa.

Nilikwenda kumwona siku hiyohiyo, mikono mitupu, sijui hata niseme nini. Mkewe alikuwa kando ya kitanda, na Verediana amesimama na sare ya shule. Mzee alifungua macho.

"Hamisi. Ile ya tatu, ulipiga?"

Wote watatu walinitazama. Nimekuwa na miaka mingi ya kutengeneza jibu jingine, na ninayo mengi, yote mazuri.

"Nilipiga, Mzee. Nilipiga na nguvu. Mvua ndiyo ilifunika."

Aliinua mkono, polepole, akajishika sikio kama mtu anayetafuta kitu mfukoni.

"Basi imekufa," alisema. "Nilikuwa nategea sana, mwanangu. Hata kupumua nilikuwa naacha. Kama ulipiga na mi sikusikia, basi hii masikio imekufa. Unisamehe. Nimekuharibia kazi."

Aliniomba msamaha mimi. Nikamwambia nimemsamehe. Vijana, nilimwambia hivyo, na nikamfunika blanketi vizuri.

Kuanzia siku ile akawa kiziwi. Daktari hakumkuta na tatizo lolote la masikio, lakini yeye alikuwa ameamini. Ukiongea naye alisogeza kichwa, akakunja kiganja nyuma ya sikio, akakuomba upaze sauti. Mkewe akaanza kumpigia kelele, wauguzi wakaanza kumpigia kelele, majirani waliokuja kumtazama waliingia wakipiga kelele tangu mlangoni. Mtu aliyesikia nati ya gurudumu gari likiingia uani. Kila walipopaza sauti nilitamani kutoka nje, na nilitoka mara nyingi.

Alikufa siku ya sita. Kwenye mazishi kila mtu alisema vilevile: Semana alikuwa mtu hodari, ila masikio yalimwacha naye hakutaka kukubali. Wengine walisema walikuwa wamekwisha kuona dalili. Watu ni wepesi kuona dalili. Bosi alishukuru kimoyomoyo kwamba hakuna aliyeuliza mzee alikuwa akifanya nini kule na mvua ile, na mimi nilishukuru kwa sauti ndogo zaidi kuliko yake. Habari ikakaa hivyo. Mkewe aliingia nayo kaburini bila kujua nyingine.

Verediana alikua, akataka kazi ya baba yake, akaja kwangu nimshike mkono. Nilimshika. Nilimfundisha mlima, nikamfundisha moshi, vyoo na karoti. Kila Idi ananiletea sukari na mchele, ananiita Papa Hamisi. Nimekaa nikamsikiliza akiwaambia vijana, mwaka baada ya mwaka, kwamba baba yake aliuawa na kiburi cha masikio, na akaninyooshea mimi kidole kwa upendo: mtazameni Papa Hamisi, alipoanza kusikia vibaya aliacha kazi mwenyewe. Ni kweli. Sasa mimi ndiye kiziwi, wa kweli, wa kupimwa na daktari. Adhana ya msikiti ulio nyuma ya nyumba yangu naijua kwa kuona watu wakitawadha.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Mwanzoni niliogopa jela. Kisha nikaogopa bosi, kisha bosi akafa, nikaogopa mjane, kisha mjane akafa. Sasa namwogopa Verediana, na huyu simwogopi kwa sababu ya hasira yake. Akiwa na hasira nitaelewa. Naogopa atakavyokaa kitini akihesabu mara ngapi amelisema lile somo, kwa mdomo wake mwenyewe, juu ya baba yake mwenyewe.

Nimebakiza jambo moja, Verediana, na hili ni lako, hao wengine wakipenda wasome.

Siku ya tano, asubuhi, ulikuwa umetoka kuchota maji. Nilimvuta muuguzi hadi mlangoni, mbali na kitanda, nikamnong'oneza karibu kabisa na sikio, nikamuuliza kama mzee atapona. Muuguzi alitikisa kichwa tu. Na kutoka kule kitandani, uso umeelekea ukutani, macho yamefumba, baba yako akasema:

"Usimusumbue uyu mama, Hamisi. Anajua nini yeye?"

Alikuwa amenisikia. Muuguzi alinitazama, nami nikamtazama. Ni baba yako peke yake aliyekuwa hajui amefanya nini, alidhani nami nimepaza sauti kama wote. Kulikuwa na hatua sita kutoka mlangoni hadi kwake. Ningezitembea, nikainama, nikamwambia: Mzee, umenisikia nikinong'ona. Angeelewa papo hapo, alikuwa mwepesi wa kuelewa. Angenilaani labda, lakini angekufa na masikio yake.

Sikuzitembea. Ukarudi na maji, ukainama ukampigia kelele kwamba maji yamefika, naye akakushukuru kwa sauti kubwa, kama kiziwi.

Daftari nitampa jirani akuletee. Sina uso wa kukukabidhi, na ukiacha kuja hapa nitajua sababu, hutahitaji kunieleza. Ila lile somo lifute. Waambie hao kumi na wanne kwamba walioingia msituni siku ile walikuwa sita, na Hamisi alihesabu wageni wanne, akajiongeza yeye, akafunga mlango. Waambie na habari ya baba yako. Alisimama pale chini ya mti akatega sikio kama alivyojua, hadi mwisho, na hakukosa kitu. Hakukuwa na kitu cha kusikia.